Nani apange skeli ya chati yako: programu, mkono wako au seli?

Weka chati mbili za nguzo kwenye ukurasa mmoja, kila moja ya idara yake. Nguzo ndefu kuliko zote katika chati ya kwanza inakaribia kugusa ukingo wa juu. Katika chati ya pili ni hivyo hivyo. Anayetazama kwa haraka anaondoka akiamini kwamba idara hizi mbili zinakwenda sambamba. Kumbe mhimili wa wima wa chati ya kwanza unaishia 60, na wa chati ya pili unaishia 600.

Programu ya lahajedwali iliyozichora, kama Excel, haikukosea. Iliulizwa mara mbili, kila mara kuhusu data tofauti, ikajibu kila swali peke yake. Hakuna aliyeiambia kwamba picha hizo zitakaa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kutafuta namna ya kufunga skeli ya mhimili, na ndipo tunapogundua kwamba njia si moja. Unaweza kuiachia programu, kufunga ncha zote mbili kwa mkono, kufunga ncha moja tu, kutumia mfululizo wa data usioonekana, au kuandika makro, yaani msimbo mfupi unaokaa ndani ya faili, inayosoma mipaka kutoka kwenye seli. Nimetumia zote tano katika ripoti za kila mwezi, na kila moja nimewahi kuishukuru.

Tunazipima kwa nini?

Swali la kwanza ni ulinganifu: je, chati hii itatazamwa pamoja na nyingine, au pamoja na toleo lake la mwezi uliopita? La pili ni ukweli wa picha: umbo linaloonekana linaendana na ukubwa wa tofauti iliyomo kwenye namba? La tatu, data zikibadilika inakuwaje, maana chati nyingi hazichorwi mara moja zikaisha. La nne ni kazi, ya kuanzisha na ya kutunza. La tano husahaulika mpaka siku linapouma: faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na mtu mwingine, je, skeli itabaki ulivyoiacha, na mtu huyo ataelewa ulichofanya?

Kwa maoni yangu la kwanza na la tatu ndiyo yanayoamua mara nyingi. Lakini nimeona watu waliokwama kwenye la tano peke yake, kwa hiyo sitaliruka.

Kuiachia programu

Hii ndiyo hali ya kuanzia katika Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets. Hufanyi chochote, na mara nyingi matokeo yanapendeza. Inafaa hata hivyo kujua kinachofanyika nyuma ya pazia.

Katika Excel, data zikiwa chanya zote, programu hutazama pengo kati ya namba kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote. Pengo likizidi sehemu moja ya sita ya ile namba kubwa, yaani asilimia 16.67 hivi, kima cha chini kinawekwa sifuri. Likiwa dogo kuliko hapo, mhimili unaachana na sifuri na kuanzia karibu na data. Upande wa juu huongezwa nafasi kidogo, kisha mhimili unapanda hadi hatua kamili inayofuata. Ndiyo maana chati ya asilimia yenye thamani ya 100 huishia 120, kana kwamba kuna mtu anayeweza kumaliza asilimia 120 ya kazi aliyopewa.

Sasa chukua namba tatu: 82, 90 na 97. Pengo ni 15, na sehemu ya sita ya 97 ni 16 na kidogo. Mhimili utaanzia eneo la 70, na nguzo ya 97 itaonekana ndefu zaidi ya mara mbili ya nguzo ya 82. Badilisha 82 iwe 80. Pengo limekuwa 17, mpaka umevukwa, mhimili umerudi sifuri. Nguzo zile zile sasa zinakaribiana kwa urefu. Namba moja imeshuka kwa mbili tu, na picha nzima imegeuka. Aliyeona toleo la jana na toleo la leo atadhani kuna tukio kubwa, na tukio halipo.

Kwa kigezo cha ulinganifu, basi, njia hii ni dhaifu kuliko zote. Hata kuipunguza chati kwa kuvuta kona yake kunaweza kubadilisha hatua za mhimili, na hatua zikibadilika ncha nazo zinahama. Kwa ukweli wa picha inategemea bahati: wakati mwingine sifuri ipo, wakati mwingine haipo. Faili likisafiri pia kuna tofauti, kwa sababu kila programu ina kanuni zake za kupanga mhimili wa kujiendesha, na chati iliyoishia 120 huku inaweza kuishia kwingine kule.

Penye nguvu zake, hakuna njia inayoifikia. Data zikiongezeka mara kumi, mhimili unafuata. Hakuna kinachokatika wala kinachotoka nje ya fremu. Kazi ya kuanzisha ni sifuri na ya kutunza ni sifuri. Inamfaa anayechungulia data zake mwenyewe, anayetaka kujua kama kuna kitu cha kutazama kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote.

Kufunga ncha zote mbili kwa mkono

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi wanaitaka wanapouliza namna ya kufunga skeli, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Katika Excel, bofya mara mbili kwenye namba za mhimili wenyewe, si kwenye nguzo wala kwenye eneo tupu. Kidirisha cha "Format Axis" kitafunguka upande wa kulia, na ndani yake utaona visanduku vya kima cha chini na kima cha juu, na chini yake hatua kubwa na hatua ndogo. Andika namba, bonyeza Enter. Pembeni ya kisanduku, neno "Auto" litageuka kuwa kitufe cha "Reset", ishara kwamba sasa namba hiyo ni yako. Katika LibreOffice Calc, bofya chati mara mbili uingie ndani yake, bofya kulia kwenye mhimili, fungua mipangilio yake, nenda kwenye kichupo cha skeli, kisha ondoa alama ya tiki inayosema thamani ijipange yenyewe. Katika Google Sheets, bofya chati mara mbili, nenda upande wa kubinafsisha, fungua sehemu ya mhimili wa wima, ujaze visanduku viwili.

Kuna mitego midogo inayowachelewesha watu. Kama umebofya mhimili wa mlalo na huoni visanduku vya mipaka, sababu ni kwamba mhimili huo unabeba maneno, kama majina ya miezi au ya idara, na maneno hayana kima cha chini. Mipaka ipo kwenye mihimili ya namba na ya tarehe tu. Kwa tarehe, Excel huhesabu siku kuanzia mwanzo wa 1900, kwa hiyo ukiona 45292 usishtuke. Hiyo ni tarehe 1 Januari 2024. Kwa asilimia, mia kwa mia ni 1, wala si 100, kama seli zako zimepangwa kwa mtindo wa asilimia. Na kama data zina thamani hasi, majina ya mhimili wa mlalo yatabaki kwenye mstari wa sifuri, katikati ya chati, yakifunikwa na nguzo. Yahamishie chini kwenye mipangilio ya lebo.

Funga na hatua pia. Wengi hufunga ncha na kusahau hatua, kisha wanapata mhimili wa 0 hadi 70 wenye hatua ya 20, ambao namba yake ya mwisho kuandikwa ni 60 na juu yake kuna kipande kisicho na jina. Chagua hatua inayogawa urefu wote bila kubakiza.

Kwa ulinganifu, njia hii inatimiza kile inachoahidi. Chati kumi zenye 0 hadi 500 zinasomeka kama familia moja, na msomaji akishajifunza skeli kwenye ya kwanza hana haja ya kujifunza tena. Kupata kima cha juu, tafuta namba kubwa kuliko zote katika chati zote zitakazokaa pamoja, ongeza nafasi kidogo, kisha panda hadi namba ya mviringo.

Kwa ukweli wa picha, wajibu umehamia kwako, na hapa naomba tuwe wakali. Nguzo husomwa kwa urefu wake. Ukianza mhimili wa nguzo kwenye 90, thamani ya 92 inapata urefu wa 2 na thamani ya 96 inapata urefu wa 6: jicho linaona mara tatu, wakati tofauti ya kweli ni asilimia 4 na ushei. Nguzo zianzie sifuri. Mstari ni jambo jingine, kwa sababu jicho linafuata kupanda na kushuka kwake, halipimi urefu kutoka chini. Joto la mwili wa mgonjwa likichorwa kuanzia sifuri litakuwa mstari ulionyooka usiomwambia daktari chochote. Likichorwa kati ya 35 na 42 linasema kila kitu.

Kigezo cha tatu ndicho kinachoiumiza njia hii. Data zikivuka kima cha juu, programu haikuonyi. Nguzo inakatwa kwenye ukingo wa juu, kimya kimya. Niliwahi kuandaa ripoti ya kila mwezi kwa ofisi moja, mhimili ukiwa 0 hadi 500, na kila mwezi nilikuwa nabandika data mpya kwenye faili lile lile. Mwezi mmoja ikaingia 640. Nguzo yake ilifika juu ikasimama, ubavuni mwa nguzo ya mwezi uliotangulia iliyokuwa 500 kamili. Zilionekana sawa. Kikao kizima kilijadili kwa nini hakuna ongezeko, na ongezeko lilikuwa la zaidi ya robo. Niligundua jioni, nikiwa peke yangu, na hadi leo sifungi kima cha juu bila kuweka mlinzi.

Mlinzi wenyewe ni seli moja karibu na chati:

=IF(MAX(B2:B13)>500,"Data zimevuka mhimili","")

Ipake rangi nyekundu. Ikiwa tupu, uko salama. Kuandika thamani juu ya kila nguzo nako kunasaidia, ilimradi nguzo si nyingi kiasi cha namba kupandana.

Kazi ya kuanzisha ni dakika moja kwa chati, na hiyo ni sawa kwa chati tatu. Kwa chati thelathini ni adhabu, na kila mpaka ukibadilika unaanza upya. Faili likisafiri hakuna shida kubwa, maana mipaka imeandikwa ndani ya faili lenyewe, na yeyote anayebofya mhimili ataiona.

Inamfaa mwenye data za mipaka inayojulikana: asilimia, alama za mtihani, ukadiriaji wa 1 hadi 5, saa za siku. Inamfaa pia anayechapa ripoti mara moja na kuifunga.

Kufunga ncha moja

Andika 0 kwenye kima cha chini, kima cha juu kiache kilivyo. Basi.

Nashangaa njia hii haitajwi sana, kwa sababu inatatua nusu kubwa ya matatizo kwa juhudi ndogo kabisa. Ule mruko wa 82 na 80 haupo tena, sifuri haihami, nguzo hazidanganyi urefu, na data zikikua mhimili unapanda bila kukata kitu. Kinachokosekana ni ulinganifu wa chati mbili tofauti: zote zinaanzia mahali pamoja lakini hazifiki mahali pamoja.

Tahadhari moja. Kuona 0 kwenye kisanduku hakutoshi. Katika matoleo ya karibuni ya Excel, tazama neno lililo pembeni: likisomeka "Auto", sifuri hiyo ni ya programu na inaweza kuondoka kesho data zikikaribiana. Iandike wewe mpaka kitufe cha "Reset" kitokee. Katika Google Sheets, jaza kisanduku cha chini na uache cha juu kitupu.

Inamfaa karibu kila mwenye chati ya nguzo inayosimama peke yake na inayopata data mpya mara kwa mara. Faili hili ukimpa mtu yeyote, hahitaji maelezo.

Mfululizo usioonekana

Visanduku vya mipaka vya Excel havikubali fomula wala rejeleo la seli. Ukiandika =H1 hakuna kinachofanyika. Kutokana na kizuizi hicho, watu wamebuni hila: ongeza kwenye chati mfululizo wa data wa ziada wenye thamani mbili tu, mpaka wa chini na mpaka wa juu unaoutaka, kisha uondolee mstari, alama na rangi zote. Hauonekani, lakini programu inauhesabu inapopanga mhimili. Na kwa kuwa thamani hizo mbili zimo kwenye seli, zinaweza kuwa fomula. Kwa mfano MAX inayotazama data za idara zote. Kila chati ikibeba mfululizo huo huo, zote zinanyooka pamoja, na mwezi ujao zitanyooka tena bila wewe kugusa.

Ulinganifu wake ni mzuri kwa sharti kwamba chati zina ukubwa mmoja na maandishi ya mhimili yana ukubwa mmoja. Nimeshasema kwamba hatua za kujiendesha hutegemea ukubwa wa chati, na hapa bado ni programu inayoamua mwisho. Ukiweka 100 kwenye mfululizo wa siri, mhimili unaweza kuishia 120. Hila hii inasukuma mhimili ufike mbali, haiwezi kuubana. Kwa hiyo kwa ukweli wa picha nakushauri uiunganishe na njia iliyotangulia: sifuri ifungwe kwa mkono, mfululizo ushughulikie juu.

Data zikibadilika, ndipo inapong'aa. Hakuna kukatika kamwe, kwa sababu data halisi zikivuka mpaka wa siri mhimili unazifuata wenyewe.

Kazi ya kuanzisha ina vikwazo vyake. Kwenye chati ya nguzo, mfululizo wa ziada unajitengea nafasi na kuzisogeza nguzo halisi pembeni. Ubadilishe aina yake uwe mstari, kisha ufiche mstari huo. Uondoe kwenye ufunguo wa chati kwa kubofya jina lake na kulifuta. Na usifiche safu wima zenye thamani zake, kwani kwa kawaida Excel haichori data zilizo kwenye safu zilizofichwa. Ukizificha, hila nzima inakufa. Kama lazima zifichwe, kuna chaguo katika mipangilio ya chanzo cha data ya kuonyesha seli zilizofichwa.

Kigezo cha tano ndicho cha kuogopa. Mtu mwingine akifungua faili na kukuta safu wima mbili za namba zisizo na maelezo, atazifuta, na ana haki. Andika juu yake: "Mipaka ya mhimili wa chati. Usifute."

Inamfaa mwenye chati nyingi zinazosasishwa, asiyetaka au asiyeruhusiwa kutumia makro.

Makro inayosoma seli

Hapa mipaka inatoka kwenye seli na kuingia kwenye mhimili moja kwa moja, bila hila. Msimbo wenyewe ni mfupi:

With Me.ChartObjects(1).Chart.Axes(xlValue)
.MinimumScale = Me.Range("H1").Value
.MaximumScale = Me.Range("H2").Value
.MajorUnit = Me.Range("H3").Value
End With

Uweke ndani ya tukio la karatasi husika, yaani sehemu ya msimbo inayoamka yenyewe kitu fulani kinapotokea kwenye karatasi. Kama mtu anaandika mipaka kwa mkono kwenye H1 hadi H3, tumia Worksheet_Change. Kama mipaka inatoka kwenye fomula, tumia Worksheet_Calculate, kwa sababu tukio la kwanza haliamki fomula inapokokotoa upya. Kosa hili limewapotezea watu siku nzima. Msimbo uko sahihi, ila hakuna anayeuita.

Ulinganifu ni kamili: 100 inabaki 100, wala si 120, na kitanzi kimoja kinaweza kupitia chati zote za faili. Ukweli wa picha unategemea fomula uliyoandika kwenye H1 na H2, basi iandike mbele ya macho ya watu, kwenye karatasi, si ndani ya msimbo. Data zikibadilika, mipaka inabadilika nazo.

Gharama iko kwenye kutunza na kusafiri. Faili lazima lihifadhiwe kwa aina inayobeba makro, kwa kawaida .xlsm. Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro hizi. Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, kwa hiyo uliyemtumia kwa barua pepe huenda akaona chati yenye mipaka ya mara ya mwisho, bila kujua kwamba imeganda. Na makro ikishabadilisha kitu, historia ya kutendua hufutika. Anayejaza data na kutegemea kurudi nyuma atashangaa. Google Sheets ina lugha yake, Apps Script, inayoweza kazi kama hii, lakini msimbo wa Excel hauhamii huko.

Inamfaa mtu mmoja au timu ndogo yenye anayejua kuutunza msimbo, inayotoa makumi ya chati kwa mpangilio uleule. Akiondoka huyo mtu, kazi inabaki yatima.

Kabla ya kuondoka kwenye njia, jambo la pembeni linalonifurahisha. Kama unachohitaji ni vijistari vidogo ndani ya seli, tatizo la rejeleo halipo. Katika Google Sheets, SPARKLINE inakubali "ymin" na "ymax" zinazotoka kwenye seli, bila msimbo wowote. Excel, tangu toleo la 2010, inakuwezesha kuamuru vijistari vyote vya kundi moja vitumie kima kimoja.

Pale ambapo skeli moja haitasaidia

Idara moja ina 60 na nyingine ina 6,000. Ukizifunga zote 0 hadi 7,000, ile ndogo inakuwa utandu chini ya chati, na kupanda kwake kutoka 40 hadi 60, ambako ni nusu nzima ya ilipokuwa, hakuonekani kabisa. Ulinganifu umepatikana na habari imepotea.

Jiulize unalinganisha nini. Kama ni ukubwa, acha utandu uwe utandu, ndio ukweli. Kama ni mwendo, badilisha data badala ya mhimili: igawe kila thamani kwa thamani ya mwezi wa kwanza na kuzidisha kwa 100, idara zote zianzie 100, kisha ufunge skeli. Skeli ya logi nayo inafaa kwa mistari, kwani umbali wa 10 hadi 100 unakuwa sawa na wa 100 hadi 1,000. Haionyeshi sifuri wala thamani hasi, na nguzo zisiwekwe humo, maana hazina sifuri ya kusimamia. Iseme wazi kwenye kichwa cha chati, wasomaji wengi hawaitambui kwa kuitazama tu.

Uko katika hali gani?

Ikiwa unachunguza data mpya na hakuna mwingine atakayeona, iachie programu. Usipoteze dakika.

Ikiwa ni chati moja ya nguzo kwenye ripoti inayojirudia, funga sifuri peke yake.

Ikiwa ni chati mbili hadi sita za kuchapwa ukurasa mmoja na data haziguswi tena, funga ncha zote na hatua kwa mkono. Ikiwa data zake ni asilimia au alama zenye mwisho unaojulikana, fanya hivyo hivyo hata kama zinasasishwa, kwa kuwa hakuna kitakachovuka. Ikiwa zinasasishwa na mwisho haujulikani, weka ile seli ya mlinzi au hamia kwenye mfululizo usioonekana.

Ikiwa faili linazunguka kati ya watu wanaotumia programu tofauti, makro iondoe kwenye mawazo; chagua kati ya mkono na mfululizo kwa kuangalia data zinabadilika mara ngapi. Ikiwa chati ni nyingi, zinakaa kwenye kompyuta yako, na mipaka lazima iwe kamili hadi namba ya mwisho, makro itakulipa.

Chati yenye mihimili miwili ya wima, kushoto na kulia, inadai ufunge yote miwili au usifunge wowote. Ukifunga wa kushoto tu, wa kulia utahama peke yake kila data zikibadilika, na mahali mistari inapokatana patahama nao, hali watu hupenda kupasoma kana kwamba pana maana.

Na kama umerithi faili la mtu na mhimili wake unafanya usichokielewa, anza kwa kuubofya mara mbili na kutazama kama pembeni ya visanduku pameandikwa "Auto" au pana "Reset". Kisha fungua orodha ya mifululizo ya chati uone kama kuna mmoja usio na rangi. Mwisho angalia jina la faili: likiishia .xlsm, fungua msimbo wa karatasi hiyo na utafute neno MaximumScale.